Naomba Kiti

Bweni la kiwanda cha kufulia
3 Februari

Dada,

Salamu nilishakupa Jumapili kwenye simu, mbele ya mumeo, mama mkwe wako na yule jirani asiyebanduka hapo sebuleni, kwa hiyo sirudii. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako si yako. Ujumbe ukiingia, aliye karibu ndiye anayeusoma, tena kwa sauti. Hii nampa dereva wa lori la shuka, maana anapita kwenu kila wiki. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Ni hivi. Siku zangu hazijaja tangu nihamie huku. Wewe unanijua, tangu shule huja zinapotaka. Zinaruka mwezi, zinaruka miwili, halafu zinatokea bila hodi. Safari hii zimekawia mno. Siumwi. Wasiwasi pia sina, na hilo ndilo linalonishangaza. Najua ningepaswa kuwa nao, nautafuta, siupati. Ndevu mbili tatu zimeota kidevuni, nazing'oa kwa kibano cha mwenzangu wa chumba, tunamwita Mrefu. Uso umejaa chunusi kama wa msichana aliyevunja ungo jana.

Tatizo ni kazini. Ukumbi wetu ni wa wanawake watupu. Kuna roli, pasi kubwa ya mviringo inayozunguka kwa moto, shuka zinaingia zimelowa upande huu, zinatoka zimenyooka upande wa pili, na sisi tumesimama kutwa tukizilisha na kuzipokea. Kwenye kona chini ya dirisha kuna kiti kimoja na meza ya kushonea vifungo na viraka. Mwanamke akiingia mwezini anamwendea Mama Pasi, mkubwa wetu wa ukumbi, anamwambia, "Naomba kiti." Basi. Haulizwi kitu. Anakaa mpaka amalize, anashona vifungo, na wenzake wanambebea sehemu yake ya shuka. Wakigongana wawili wanapokezana. Wanaume wa ofisini wameona miaka yote anayekaa anabadilika na hawajawahi kujiuliza kwa nini.

Mimi sijawahi kuomba kiti. Wameanza kuniangalia. Juzi mmoja kaniambia, "Wewe umetengenezwa kwa chuma, au kuna jambo?" Wakacheka, na mimi nikacheka. Ofisi haitaki mjamzito karibu na mvuke. Ukijulikana, mkataba wako hauongezwi, na wangu unaisha Juni.

Wewe huwa unafanyaje? Nakumbuka zako nazo zilikuwa za kusuasua.

Mdogo wako,
Kidoti


Nyumbani
12 Februari

Kidoti,

Barua yako nimeisomea chooni, mlango nimeufunga kwa ndoo. Dereva wako ni mtu wa maana, alisubiri mpaka mama mkwe akaingia ndani ndipo akanipa.

Kwanza ukae vizuri nikuambie. Zangu zilinyooka zamani. Tangu niolewe zinakuja kama mshahara wa serikali, kwa hiyo usinipime kwa mambo ya utotoni. Haya, tuje kwako. Mtu haoni siku zake miezi yote hiyo halafu ananiambia hana wasiwasi. Mdogo wangu, asiye na wasiwasi ni yule anayejua sababu. Nani? Ni yule fundi wa mvuke uliyenisimulia wakati wa sikukuu, kwamba alikukaushia viatu vyako juu ya bomba? Mimi sikugombezi. Mimi na shemeji yako tunaangaliana usoni miaka yote hii, hakuna hata sauti ya mtoto wa kusingizia ndani ya nyumba hii. Mimi ni mtu wa mwisho duniani wa kukugombeza kwa jambo kama hilo.

Usibebe vitu vizito. Ule vizuri. Uniandikie kweli tupu.

Dada yako


Bwenini
20 Februari

Dada,

Fundi wa mvuke ana wajukuu, na meno yake unayahesabu kwa mkono mmoja. Alikausha viatu vya ukumbi mzima siku bomba lilipopasuka. Hakuna fundi. Hakuna mtu yeyote. Sijalala na mwanaume tangu nifike huku, na wala sijatamani.

Maneno ya kazini yalizidi, basi Jumatatu nilikwenda kwa Mama Pasi nikamwambia, "Naomba kiti." Akanitazama kidogo, akaniambia, "Kiti kile pale." Nikakaa. Nilishona vifungo vya makoti ya madaktari, weupe kwenye weupe, mpaka macho yakachoka. Aliyenibebea shuka ni Mrefu. Huyo siku zake zikifika anatapika, anajikunja kama kisu cha mfukoni, na hata hivyo akiwa mzima ndiye wa kwanza kumbebea mwenzake. Aliniletea maji ya moto kwenye chupa nijikande tumboni. Nikajikanda.

Nilitegemea niumie moyoni. Sikuumia. Nilikuwa nashona tu, namsikia anavyohema kule kwenye roli, nikahamia kifungo kingine.

Kidoti


Nyumbani
2 Machi

Kidoti wangu,

Sasa nimeelewa. Kama huna kitu, unaficha nini? Mtu hadanganyi ukumbi mzima kwamba anatoka damu kama hana sababu ya kutaka waamini hivyo. Umefanya jambo la akili, nakupa hongera yako. Endelea kuomba kiti kila mwezi, wasikushtukie, mpaka nguo za kazi zishindwe kuficha. Hapo utaomba ruhusa ya ugonjwa, upande lori uje kwangu.

Nimelifikiria na naliandika wazi, nisije nikashindwa kulitamka. Usimtoe. Nakuomba kwa ziwa la mama tulilonyonya wote wawili. Huyo mtoto nipe mimi. Wewe bado mdogo, utapata wako ukiwa tayari. Mimi nitamlea, ataniita mama, wewe atakuita mama mdogo, na damu ni ileile. Hapa nyumbani niachie mimi, najua nitakachosema.

Dada yako anayekupenda


Bwenini
15 Machi

Dada,

Hakuna mtoto. Nilinunua kipimo dukani baada ya barua yako, si kwa ajili yangu, kwa ajili yako. Mstari mmoja. Nikanunua cha pili kwenye duka jingine, mstari mmoja. Mrefu aliviona kwenye pipa la taka.

Sitaki tubishane. Angekuwepo ningekupa. Bila hata kufikiri. Na usidhani nasema hivyo kwa wema, ni kwamba siku hizi sioni ninachokitaka. Naamka, naosha uso, nang'oa ndevu, nasimama kwenye roli. Jioni wenzangu wanacheka bwenini, nami nacheka wanapocheka wao, nachelewa kidogo tu. Mwili huu ni kama chumba nilichopangishwa. Sijui nani alikaa humo kabla yangu wala kwa nini taa haziwaki.

Sijaenda hospitali. Ningesema nini? Kwamba siumwi?

Kidoti


Nyumbani
28 Machi

Kidoti,

Ule mstari wako wa "ningekupa" nimeurudia mpaka karatasi imelegea. Asante. Sijui nikushukuru kwa namna gani.

Vipimo vya dukani havina maana, mke wa jirani kilimwambia hana kitu na sasa amebeba pacha. Hiyo hali yako ya kuona kila kitu sawasawa ni mimba hiyo, wanasema wengine huchukia chakula, wengine huchukia watu. Nakutumia gauni pana, limo kwenye mfuko alio nao dereva. Shemeji yako amepaka rangi chumba kidogo. Hajauliza sana, ni mtu wa furaha za kimyakimya, nimemsikia akipiga mluzi huku anapaka. Sijamsikia akipiga mluzi tangu harusi yetu.

Mwezi huu umeshaomba kiti? Usisahau.

Dada


Bwenini
16 Aprili

Dada yake Kidoti,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ndiye mwenzake wa chumba, huyo anayeitwa Mrefu. Anwani yako nimeipata kwa dereva. Kidoti yuko hospitali, yu hai, nakuambia hilo kwanza ndipo usome yanayofuata.

Alianza kutoka damu katikati ya wiki iliyopita. Si damu ya kawaida. Alikuwa anabadilisha pedi, anarudi kwenye roli, anatoka tena. Nilimwambia aombe kiti. Akasema zamu yake alishaitumia, na kweli, wiki ya nyuma yake alikuwa amekaa, na siku hiyo kiti nilikuwa nimekikalia mimi. Nikamwambia njoo tupokezane. Akasema yeye hana haki. Sikumwelewa, nilidhani ni adabu zake. Alisimama hivyo siku tatu akijikaza kisabuni, ya nne akaanguka. Mkono wa kushoto uligusa roli, umeungua juu ya kiwiko. Mama Pasi alimbeba mgongoni mpaka getini, mama mtu mzima yule.

Ameongezewa damu chupa mbili. Anazungumza. Nilipomuuliza kama nimpigie mtu simu, alisema usipige, andika.

Mimi,
Mrefu


Nyumbani
21 Aprili

Kidoti,

Umemtoa.

Nilikuomba kwa ziwa la mama na bado umemtoa, kisha ukamtuma mtu nisiyemjua aniandikie hadithi ya kiti. Kama ni mkataba ndio ulioutaka, huo hapo, umebaki nao. Gauni sitaki ulirudishe. Usiniandikie tena.

Dada


Bwenini
9 Mei

Dada,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia.

Nilipofikishwa hospitali, daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alinipima mimba kabla ya kitu kingine chochote. Hakukuwa na mimba, wala dalili kwamba iliwahi kuwepo. Kisha akanipima kwa ile mashine ya picha. Akanigeuzia kioo nione. Ovari zangu zimejaa vifuko vidogo pembezoni. Alinieleza taratibu, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Kila mwezi yai moja linatakiwa likomae litoke. Kwangu yanaanza mengi na yote yanasimama njiani. Yai lisipotoka, mji wa mimba haupati amri ya kujisafisha. Ule utando wa ndani unabaki, unanenepa mwezi hadi mwezi, na siku ukianza kumomonyoka haushikiki. Ndiyo ile damu. Ndevu ni hiyohiyo, chunusi ni hizohizo, ni homoni zimepishana. Ugonjwa una jina refu, yeye anauita vifuko vingi. Anasema wanawake wanaopita mlangoni kwake nao ni wengi kuliko ninavyodhani, na wengi huja wamechelewa kwa sababu kila mtu ameshawaambia sababu nyingine.

Amenipa vidonge vya kuleta siku kwa mpangilio. Anasema hauishi kabisa lakini unatawalika, na kukaa miezi mingi bila kuona siku si jambo la kuacha hivihivi hata kama huumwi. Nilimuuliza kuhusu watoto, sijui kwa nini, nadhani nilikuulizia wewe. Akasema wengi huzaa, wengine kwa msaada wa dawa.

Kazini nimewaambia ukweli. Nilisimama mbele ya roli likiwa limezimwa, nikasema nilikaa kwenye kiti miezi mitatu bila sababu. Mama Pasi akasema, "Mimi sikuuliza, na sitaanza leo. Kiti ni cha anayekiomba." Lakini Mrefu alikasirika, na ana haki. Alinibebea shuka akiwa anamaliza maumivu yake mwenyewe, nami nilikuwa najikanda kwa maji yake ya moto. Hakusema nami karibu wiki nzima. Tulilala chumba kimoja, taa akaizima yeye, akaiwasha yeye. Jana amenifunga bendeji ya mkono kwa nguvu kuliko inavyohitajika, akasema, "Siku nyingine useme." Nadhani tumeanza kupatana. Mkataba wameuongeza, ila wamenitoa kwenye roli, nakunja mataulo.

Sasa wewe. Nilipolala pale hospitali sikulia, si kwa damu, si kwa mkono. Niliangalia dari. Nilidhani nimekufa ganzi moja kwa moja. Ikaja barua yako. Nililia mpaka muuguzi akaja akidhani ni kidonda. Iliniuma, dada. Iliniuma sana kwamba ulikuwa tayari kuamini jambo lolote isipokuwa nilichokuambia. Nimekukasirikia, na bado nimekukasirikia ninavyoandika hapa.

Ila daktari aliniuliza kama kuna mwingine nyumbani, maana huwa unatembea kwenye familia. Nikasema dada yangu, lakini zake zilinyooka. Akaniuliza, "Ana watoto?" Nikasema hana.

Dada, mara ya mwisho ilikuwa lini?

Kidoti


Nyumbani
2 Juni

Kidoti,

Hazikunyooka. Hazijawahi kunyooka hata mwaka mmoja. Nilikuandikia uongo nikiwa nimekaa chooni, hakuna hata mtu wa kunisikia, na bado nilidanganya.

Jinsi mambo yalivyokuwa huku hukujua, na ulistahili kujua. Mwezi wa pili, barua yako ilipofika, na mimi nilikuwa sijaona siku zangu tangu mwaka uliopita. Nilijiambia labda. Kila zinapochelewa najiambia labda. Nikawaza, wangu kama yupo yupo, na kama hayupo, wako yupo. Jioni ile nikamwambia mama mkwe kwamba nina mzigo. Mama mkwe akampigia simu kila mtu anayemfahamu. Shemeji yako akanunua rangi. Kwa hiyo ulipokuwa unaniandikia kwamba hakuna mtoto, sikuwa nakusoma wewe, nilikuwa natafuta mahali pa kujificha. Na Mrefu alipoandika kuhusu damu, nilikukasirikia kwa sababu ilinibidi niwaambie.

Niliwaambia wiki iliyopita, baada ya kukaa na barua yako muda mrefu. Wote wawili mezani, chakula kimeshapakuliwa. Sikusema habari zako, nilisema zangu tu. Mama mkwe aliinuka akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Shemeji yako aliuliza, "Ulijua?" Nikasema nilikuwa najua na sijui. Akamaliza kula. Hajanifukuza, hajanigusa bega pia. Usiku analala ameniangalia, asubuhi anaamka amenipa mgongo, sijui hugeuka saa ngapi. Mimi nafua, napika, nafagia. Ile hali uliyoniandikia, ya kucheka ukichelewa kidogo, sasa ninaijua.

Jumanne nilikwenda kliniki peke yangu. Daktari wa huku ni kijana, ananiita mama. Aliniuliza swali lako lilelile, mara ya mwisho lini. Nikamwambia sijui, huwa sihesabu. Akaniuliza kwa nini nisihesabu. Nikamwambia nikihesabu natumaini. Akaandika kitu. Kisha akanipima mimba, kama walivyokupima wewe, na zile dakika za kusubiri, Kidoti, baada ya yote haya, nilitumaini tena. Mstari ulikuwa mmoja. Picha ya ovari ilikuwa kama ulivyonieleza. Nimepewa vidonge.

Leo asubuhi siku zangu zimekuja. Zikija huwa nalia, kwa kuwa zimekuja kunipa jibu. Leo sikulia. Nilikaa kwenye ukingo wa karo nikawa nakufikiria wewe umesimama kwenye roli, damu inatoka, unajiambia huna haki. Nikazitoa barua zako zote na nakala za zangu nilizoziandika kwanza kwa penseli. Nikazisoma moja moja. Nilikuuliza nani, nilikuuliza kama umeomba kiti, nilikuomba mtoto. Sikukuuliza hata mara moja kama unaumwa.

Unaumwa wapi, mdogo wangu? Niandikie yote. Nitakuamini.

Dada